Kushusha bei ya nyumba inayouzwa: dhana potofu na ukweli

Nyumba ikishakaa sokoni wiki kadhaa bila mnunuzi, ushauri humiminika. Ndugu anasema shikilia, dalali anasema shusha, jirani anasema fulani aliuza yake kwa bei kubwa zaidi. Wote wanakutakia mema, ila ni nadra kumkuta mmoja aliyepiga hesabu. Yapo mambo mawili tu yanayopaswa kuamua: wanunuzi wamefanya nini tangu tangazo litoke, na kila mwezi wa kusubiri unakula kiasi gani cha pesa zako. Dhana zilizo hapa chini huwapotosha wauzaji kwa sababu zinaruka moja kati ya hayo, au yote mawili.

Dhana: Nyumba isipouzwa, tatizo ni bei

Mara nyingi ni kweli, si mara zote. Kabla ya kugusa bei, tafuta mahali safari ya mnunuzi inapokatikia: anaona tangazo, anapiga simu, anakuja kuiona nyumba, anatoa ofa, anakagua nyaraka, analipa.

Tangazo likiwa halionekani kabisa, huenda limewekwa mahali wasipopita wanunuzi wa nyumba za aina hiyo, au bei imeliweka kwenye kundi lisilo lake. Likionekana na wengi lakini simu hazipigwi, kagua picha na maelezo kwanza: picha zilizopigwa gizani, ukubwa wa kiwanja haujatajwa, idadi ya vyumba haieleweki. Picha zikiwa nzuri na maelezo kamili, na simu bado hakuna, hapo bei ndiyo mshukiwa mkuu.

Simu zikipigwa lakini watu hawaji, chunguza namna nyumba inavyoonyeshwa. Funguo ziko kwa mtu asiyepatikana mwisho wa wiki. Ndani yumo mpangaji asiyetaka wageni. Anayepokea simu hajui hata ukubwa wa kiwanja. Hakuna punguzo linaloponya hayo.

Watu wakija na kuondoka kimya, kuna kitu wanakikuta ambacho tangazo halikukisema: unyevu ukutani, dari yenye madoa ya maji, harufu, kelele, njia mbovu. Waulize kila mmoja, siku ileile au kesho yake, ni nini kilichowazuia, na uandike majibu. Watano wakitaja dari, dari ndiyo kazi yako. Watano wakisema wameona nyingine kama hiyo kwa bei ndogo, umepata jibu la bei.

Na ofa zikitolewa kisha zikafa baada ya ukaguzi wa nyaraka, usishushe chochote. Hati bado ina jina la marehemu, mipaka haikupimwa, au kuna deni lililosajiliwa juu ya nyumba: haya hutatuliwa kwenye ofisi husika. Ukipunguza bei ya nyumba yenye utata wa hati unatoa pesa, na utata unabaki palepale. Tena unavuta wanunuzi wanaotafuta shida za watu ili wabane zaidi.

Dhana: Anza juu, kushuka ni rahisi

Dhana hii ina chembe ya ukweli, na ndiyo maana haifi. Mwaka 1987 Gregory Northcraft na Margaret Neale walichapisha jaribio lililofanyika Tucson, Marekani: wanafunzi na madalali waliitembelea nyumba moja, wakapewa taarifa zinazofanana isipokuwa bei iliyotangazwa. Waliopewa bei ya juu waliikadiria nyumba juu zaidi, madalali wakiwemo, ingawa wengi wao hawakukubali kwamba bei ile iliwaathiri.

Lakini angalia kilichofanyika: watu wale walikuwa wamekwisha kupelekwa kwenye nyumba na kuombwa waikadirie. Bei ya juu humvuta aliyefika, na mnunuzi ambaye hakufika kabisa haiwezi kumvuta. Siku hizi wengi huanza kutafuta mtandaoni kwa kuweka ukomo wa bei, na ukomo huo huwa namba ya mviringo. Aliyeweka ukomo wa milioni 100 haoni nyumba ya milioni 104, hata kama angeweza kuinunua baada ya mazungumzo. Atakayeiona ni yule mwenye milioni 120, naye anailinganisha na nyumba za milioni 115 zilizo bora kuliko yako.

Halafu kuna suala la wakati. Tangazo jipya huonwa kwanza na waliokuwa wakisubiri, watu wenye pesa au mkopo tayari. Kundi hilo linaisha ndani ya wiki mbili tatu za mwanzo. Baada ya hapo unabaki na wale wanaoingia sokoni mmoja mmoja. Bei iliyozidi hupoteza kundi bora kuliko yote, na ukishusha baadaye hulirudishi lote, maana wengine wamekwisha kununua kwingine.

Dhana: Bei lazima irudishe nilichotumia

Mnunuzi analinganisha nyumba yako na nyingine anazoweza kununua leo. Saruji uliyonunua, riba uliyolipa na vigae ulivyochagua kwa umakini havimo kwenye hesabu yake. Ni jambo linaloumiza, hasa kwa aliyejenga kwa jasho lake, na maumivu hayo yana gharama inayopimika. David Genesove na Christopher Mayer walichunguza fleti za Boston miaka ya 1990, bei zilipokuwa zimeanguka, wakachapisha matokeo mwaka 2001. Wamiliki waliokabiliwa na hasara waliongeza bei kwa kati ya asilimia 25 na 35 ya pengo lililopo kati ya bei ya soko na ile waliyonunulia. Walichopata zaidi mwishoni kilikuwa kati ya asilimia 3 na 18 ya pengo hilo, na nyumba zao zilichelewa kuuzwa.

Kwa namba: ulinunua kwa milioni 100, soko leo linasema 80, pengo ni 20. Ungetangaza milioni 5 hadi 7 juu ya soko, upate nyongeza ya kati ya laki 6 na milioni 3.6, huku miezi ikienda. Ukiwa na subira na nyumba haikugharimu kitu kila mwezi, huenda ikakufaa. Ukiwa na mkopo, piga hesabu iliyo hapa chini kwanza.

Dhana: Kusubiri hakuli pesa (na pacha wake: asilimia 5 si kitu)

Hizi mbili tuzipime pamoja, kwa sababu muuzaji anayeamini moja hukimbilia nyingine akichoka.

Chukua nyumba iliyotangazwa kwa milioni 100, deni la benki milioni 70, na gharama zote za kuuza asilimia 6. Ikiuzwa kwa 100, unatoa 6 za gharama na 70 za deni, unabaki na 24. Ikiuzwa kwa 95, gharama ni 5.7, deni ni lilelile, unabaki na 19.3. Bei imeshuka asilimia 5, mfuko wako umepungua karibu asilimia 20. Kwa hiyo usiambiwe ni kitu kidogo.

Sasa upande wa pili. Riba ya deni la milioni 70 kwa asilimia 10 kwa mwaka ni takriban laki 5 na elfu 83 kwa mwezi. Hesabu riba peke yake. Sehemu ya rejesho inayopunguza deni utaipata siku ya kuuza. Ongeza bima, kodi, ulinzi, maji, umeme na matengenezo, tuseme laki 2. Zile milioni 24 zilizofungwa ndani ya nyumba nazo zingekuwa zinafanya kazi kwingine. Kwa asilimia 10 kwa mwaka ni laki 2 nyingine kwa mwezi. Jumla ni karibu milioni 1 kila mwezi.

Kushusha hadi 95 kunakupotezea milioni 4.7. Kusubiri kunakula karibu milioni 1 kwa mwezi. Basi kama kuna mnunuzi wa 95 leo, kumkataa kuna faida iwapo tu yule wa 100 atapatikana kabla ya miezi mitano kwisha. Weka namba zako mahali pa hizi. Mwenye nyumba isiyo na deni, anayoishi ndani yake, atapata jibu tofauti kabisa na mwenye nyumba tupu yenye mkopo, na ndiyo maana ushauri wa jirani hauhamishiki.

Je, huyo wa 100 ana uwezekano wa kuja? Hesabu nyumba zinazofanana na yako zilizopo sokoni eneo hilo, ugawanye kwa zinazouzwa kila mwezi. Zikiwepo 24 na kuuzwa 4 kwa mwezi, soko lina akiba ya miezi 6, yaani zilizopo zitachukua miezi 6 kwisha. Zikiuzwa 8, akiba ni miezi 3 na una sababu ya kuvumilia. Akiba ikiwa mwaka mzima, kusubiri bila kubadilisha chochote ni matumaini matupu. Na unapolinganisha bei, tumia bei zilizolipwa, za miezi mitatu hadi sita iliyopita, angalau nyumba tatu. Bei za matangazo ni maombi ya wauzaji wenzako, na baadhi yao wamekwama kama wewe.

Dhana: Shusha kidogo kidogo, usishtue soko

Punguzo la asilimia 1 halikutoi kwenye kundi moja la watafutaji kwenda jingine. Kutoka 108 hadi 107, wanaoliona tangazo ni walewale waliokwisha kulipita. Ukirudia mara nne, aliyekuwa akifuatilia amejifunza kwamba akisubiri, bei itashuka tena. Anasubiri.

Ukiamua kushusha, shusha mara moja, kwa kiasi kinachovuka mstari ambao wanunuzi wanauwekea ukomo, na kufika pale nyumba zinazofanana zinapouzwa kweli. Kutoka 108 nenda 99 ikiwa mauzo ya karibu yanaonyesha 96 hadi 100. Ikiwa mauzo yanaonyesha 105, usiende 99 kwa hofu tu. Tafuta kasoro kwenye ule mlolongo wa mwanzo.

Dhana: Dalali akisema shusha, shusha

Dalali mzuri ameona mauzo mengi kuliko wewe, na neno lake lina uzito. Ila masilahi yenu hayalingani. Katika mfano wetu, kushuka kwa milioni 5 kunakupotezea wewe milioni 4.7, dalali wa kamisheni ya asilimia 5 anapoteza laki 2 na nusu, na anapumzika kuitangaza nyumba. Steven Levitt na Chad Syverson, mwaka 2008, walilinganisha mauzo ya karibu nyumba laki moja Marekani: madalali walipouza nyumba zao wenyewe waliziacha sokoni siku 9.5 zaidi kwa wastani, na wakauza kwa asilimia 3.7 zaidi ya nyumba za wateja zinazofanana nazo.

Mwombe dalali ushahidi: mauzo matatu ya karibuni, idadi ya simu na waliokuja tangu siku ya kwanza, na walichosema. Akiwa nayo, msikilize kwa makini. Akija na "soko ni gumu" tu, hajakupa sababu.

Dhana: Ondoa tangazo, lirudishe kama jipya

Wanaotafuta nyumba kwa dhati wanaikumbuka ile picha ya sebule, na madalali wanaikumbuka zaidi. Mbinu hii hufaa pale tu kitu kimebadilika kweli: paa limetengenezwa, rangi imepakwa, hati imekamilika, bei ni mpya.

Dhana: Njia pekee ya kumvutia mnunuzi ni bei

Mnunuzi wa mkopo mara nyingi amebanwa na pesa taslimu za mwanzo, si na rejesho. Ukishusha milioni 2 na yeye akakopa pungufu kiasi hicho kwa miaka 20 kwa riba ya asilimia 10, rejesho lake linapungua elfu 19 na ushee kwa mwezi, hata halihisi. Milioni 2 hizohizo ukizitumia kumlipia gharama za uhamisho, kama sheria na benki yake zinaruhusu, zinaweza kumfanya aweze kununua. Vivyo hivyo na matengenezo. Aliyeona doa la maji darini hukisia gharama mbaya kuliko zote. Tengeneza, weka risiti mezani, au angalau uwe na makadirio ya fundi yaliyoandikwa.

Dhana: Ofa ya chini ni dharau

Ni namba ya kuanzia. Mjibu kwa namba yako na sababu zake, na umuulize kama analipa taslimu au kwa mkopo. Ofa ya 94 ya mtu mwenye pesa mkononi inaweza kuwa bora kuliko 98 inayotegemea benki, maana mthamini wa benki akisema nyumba ni ya 92, mnunuzi atalazimika kujazia mwenyewe au arudi kukuomba upunguze.

Dhana: Ukishusha, kaa usubiri simu

Siku mbili kabla bei mpya haijatangazwa, wapigie wote waliowahi kuja kuiona nyumba, ukianzia na wale waliosema bei ndiyo iliyowazuia. Hao wanaijua nyumba tayari. Kisha badilisha bei kwenye matangazo yote siku moja, na kwa kila dalali anayeishughulikia, kwa sababu mnunuzi akikuta bei mbili atashika ile ndogo na kuanza kujadili kutoka hapo. Panga upya picha, ile yenye nguvu iwe ya kwanza. Usiandike kwamba unauza haraka. Hesabu tena simu, waliokuja na ofa kwa wiki tatu, na usiguse bei kabla ya hapo.