Je, wajua kwa nini ganda la mzinga hubaki zima?

Utaliona kwenye kabati la kioo la makumbusho, au sebuleni kwa watu likiwa limechomekwa maua ya plastiki. Ni mfano wa kopo refu la shaba ya njano, kitako kimefungwa, mdomo wazi. Kwa Lindi na Mtwara, ambako vita vya Mjerumani na Mwingereza vya 1914 hadi 1918 vilipita na kurudi, maelezo yake huwa hayabadiliki sana: hilo ni bomu. Mbona halikupasuka? Lilitua kwenye matope, likazima.

Mantiki ipo. Bomu hupasuka, hiki hakikupasuka, basi ni bomu lililoshindwa kazi. Lakini kitu hicho hakikutengenezwa kipasuke, hakikuwahi kuruka hewani, na hakikutua kwenye matope ya mtu yeyote. Kilidondoka miguuni mwa askari waliokuwa wakiupakia mzinga, kikiwa cha moto wa kuunguza kiganja.

Risasi kamili ya mzinga wa aina hii ina vitu vinne. Mbele kuna kombora la chuma, na hilo ndilo linalotumwa kwa adui. Nyuma yake kuna ganda, na ndani ya ganda mna baruti. Katikati ya kitako cha ganda kuna fataki, kidude ambacho kikigongwa hutoa moto. Moto huo unawasha baruti, baruti inageuka hewa ya moto, na hewa inalitupa kombora nje ya mtutu. Kombora linakwenda zake kilomita kadhaa. Ganda linabaki mlemle ndani, na mlango wa nyuma ukifunguliwa, kulabu linalivuta na kulitupa chini, likilia kama sufuria.

Hili likieleweka, ramani nzima ya vita inageuka. Ganda lililofukuliwa shambani halionyeshi palipopigwa. Linaonyesha aliposimama mpigaji. Chukua Mahiwa, karibu na Nyangao, kwenye njia inayotoka Lindi kwenda Masasi. Hapo, kati ya tarehe 15 na 18 Oktoba 1917, yalipiganwa mapigano makali kuliko karibu yote ya kampeni ile. Hesabu inayotajwa sana ni kwamba upande wa Mwingereza, wakiwemo askari wengi kutoka Nijeria, ulipoteza watu wapatao 2,700, waliokufa na waliojeruhiwa. Mtu akiokota ganda huko na kusema "hapa ndipo lilipodondoka bomu", amesimama upande usio wake. Bomu lilidondokea kwa wale waliokuwa mbele ya mtutu, na kule hakuna ganda. Kuna vipande vya chuma vilivyochakaa kwa kutu.

Kuna kasoro moja katika kanuni hii. Baadhi ya makombora ya zama zile yalijazwa gololi za madini ya risasi. Yakifika juu ya adui hayakupasuka vipande. Yalizitema gololi kwa mbele, na gamba lake la chuma likaanguka karibu zima. Kwa hiyo kweli vipo vikopo vilivyoruka. Tofauti yake haijifichi: ni vya chuma kinene, vizito kuliko umbo lake, vina kutu, na kiunoni vina mkanda wa shaba nyekundu ulioliwa michirizi na mtutu. Ganda la shaba halina mkanda huo. Na chochote chenye ncha iliyochongoka, au ganda ambalo mdomo wake bado umeziba, kisiokotwe, kisigongwe, kisipelekwe kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Kiachwe kilipo, polisi waitwe. Miaka mia si mingi kwa baruti.

Sasa swali lenyewe. Kama ndani ya ganda kuna mlipuko wa kutupa chuma cha kilo 17 umbali wa kilomita 12, mbona kopo la shaba lenye ukuta mwembamba linatoka bila hata kuvimba?

Jibu la haraka ni kwamba limeegemea ukuta wa mzinga, nao ni chuma kinene. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari, na si nusu inayovutia. Kwa nusu ya pili, fungua pampu ya baiskeli ya zamani, ile ya mkono. Kwenye ncha ya fimbo yake kuna kikombe cha ngozi, mdomo wake ukielekea kule hewa inakobanwa. Ukisukuma, hewa inaingia ndani ya kikombe na kuzitanua kuta zake mpaka zigande kwenye bomba pande zote. Ukisukuma kwa nguvu zaidi, ngozi nayo inabana zaidi. Hewa haina pa kupita ila mbele, kwenye tairi. Ukivuta fimbo nyuma, msukumo umekwisha, kikombe kinalegea na kuteleza bila ubishi. Hakuna mtu aliyefunga mlango wala kuufungua. Hewa iliyotaka kutoroka ndiyo iliyojifungia.

Ganda la mzinga ni kikombe hicho. Linaingia kwenye chumba cha mzinga likiwa na nafasi ndogo sana pembeni, la sivyo lisingepakilika. Baruti ikiwaka, msukumo unapanda hadi zaidi ya mara 2,000 ya hewa tunayovuta. Mdomo wa ganda, ambao ni mwembamba na umelainishwa makusudi kwa moto kiwandani, ndio unaotanuka kwanza na kuziba. Mwili mzima unafuata. Moto hauna njia ya kurudi nyuma. Bila hivyo ungepenya kwenye kingo za mlango wa mzinga, ukaula ule mlango kidogo kidogo, na ukawababua nyuso askari waliosimama nyuma yake.

Ila ngozi ni laini na ganda ni chuma, na hapa ndipo wahandisi walipopata kazi ya kweli. Msukumo ukiisha, ganda lazima lijikunje tena, tena zaidi ya ukuta wa mzinga wenyewe, kwa sababu ukuta nao hutanuka kidogo kisha ukarudi. Ganda likitanuka na kubaki hivyo, limenasa, na mzinga ulionasa ganda mbele ya adui ni mzigo tu. Shaba ya njano, takriban sehemu 70 za shaba nyekundu kwa 30 za zinki, inafaa kwa sababu kwa nguvu ileile hunyumbuka karibu mara mbili ya chuma cha pua, kisha hurudi. Tena haitiwi ugumu sawasawa. Kitako hufanywa kinene na kigumu ili kishike fataki na kuvumilia kulabu. Kiwiliwili kigumu kiasi ili kirudi. Mdomo laini ili uzibe upesi. Ni kipande kimoja cha madini chenye tabia tatu, kilichosukumwa na kuvutwa kwa mashine kutoka kisahani bapa mpaka kikawa kopo, huku kikipashwa moto na kupozwa mara kadhaa. Hatimaye huchongwa upana ukipungua kidogo kuelekea mdomoni, ili likivutwa nyuma hata kidogo tu liwe limeachana na ukuta. Kazi yote, kuziba na kuzibua, huisha ndani ya sehemu chache za elfu za sekunde. Ujerumani ilipoishiwa shaba katikati ya vita iligeukia maganda ya chuma kwa baadhi ya mizinga, na kuyafanya yatoke bila kunasa kukawa kazi ya ziada.

Kwa hiyo ganda limebaki zima kwa sababu kubaki zima ndiyo kazi iliyolipiwa.

Si kila mzinga huacha ganda, lakini. Meli za Kiingereza Severn na Mersey, zilizoimaliza manowari ya Kijerumani Königsberg kwenye delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915, zilikuwa na mizinga ya inchi 6 iliyotiwa baruti katika mifuko ya kitambaa. Mfuko huungua wote, na kuziba moto hufanywa na pete iliyofungwa kwenye mlango wa mzinga wenyewe. Mizinga hiyo haikuacha ganda la kuokota. Wajerumani walishikilia mlango wa kiwanda chao cha Krupp, unaoteleza kama droo, na mlango huo unahitaji ganda lizibe. Wakatumia maganda ya shaba hata kwenye mizinga ya meli yenye mdomo wa sentimita 38. Ndiyo maana hata mizinga yao mikubwa iliacha vyombo vya maua.

Baada ya kushindwa, mizinga 10 ya Königsberg, ya sentimita 10.5, ilitolewa majini, ikapelekwa Dar es Salaam, ikatengenezewa magurudumu, na ikawa mizinga ya nchi kavu. Mitatu bado ipo, Mombasa, Jinja na Pretoria. Risasi moja kamili ya mzinga huo ilikuwa na uzito wa takriban kilo 25. Uzito huo ni mzigo wa mpagazi mmoja. Kila mlio mmoja, basi, ulikuwa ni mtu mmoja aliyetembea siku nyingi na kitu kichwani, katika vita ambavyo wapagazi waliuawa na njaa na maradhi kuliko risasi. Vibao vya makumbusho hutaja kipimo cha ganda na jina la jenerali. Hesabu hii ya mzigo sijaiona kwenye kibao, na ingefaa kuwepo.

Kusini ina nafasi yake ya pekee katika habari hii. Machi 1916 meli iitwayo Marie ilipenya ulinzi wa Waingereza na kuingia ghuba ya Sudi, kusini ya Lindi, ikiwa na mizinga mipya na shehena kubwa ya risasi. Ilipakua, ikatoroka. Ilikuwa meli ya mwisho kuwafikia Wajerumani wa hapa. Novemba 1917 walijaribu kwa njia ya anga: puto kubwa la injini, L 59, liliondoka Bulgaria na shehena ya tani zipatazo 15, likafika juu ya Sudani, likaitwa kurudi.

Sasa pindua ganda usome kitako. Maganda ya Kijerumani hugongwa jina la kiwanda (Polte cha Magdeburg ni jina utakalolikuta mara nyingi), mwezi na mwaka, na yale ya jeshi la majini huwa na herufi M yenye taji. Marie iliondoka Ujerumani Januari 1916. Kwa hiyo ganda la Kijerumani lililogongwa 1917 halikupigwa na Mjerumani wa Mahiwa, hata kama mwenye nalo ana hadithi tamu kiasi gani. Lilikuja baadaye, kwenye sanduku la msafiri.

Mwaka ukiwa wa zamani, nao hauthibitishi kila kitu. Waingereza walikuwa wakirudisha maganda kiwandani, yanakazwa upya na kujazwa tena, kila mara yakiongezewa alama kitakoni, hivyo ganda la mwaka 1914 linaweza kuwa limepiga mara nne na ya mwisho ikawa 1917. Newala kuna mkorogo zaidi: Wareno waliikamata Oktoba 1916, wakafurushwa mwishoni mwa Novemba, wakaacha silaha nyuma.

Na maganda yenye maua ya kuchonga, kiuno kilichofinyangwa na majina ya mapigano? Askari walichonga kweli, hasa mafundi waliokuwa nyuma ya mstari wa mbele na mateka wenye muda mwingi. Lakini vita vilipokwisha, Ulaya, viwanda na maduka navyo viliingia katika biashara hiyo. Urembo mwingi mno na usio na kosa ni sababu ya kushuku, si ya kuongeza bei.

Ufa wa kwenda juu, kutoka mdomoni kuelekea kitakoni, nao husingiziwa vita. Mara nyingi si kweli. Jeshi la Uingereza nchini India liliwahi kushangaa risasi zake zilizohifadhiwa kwenye mazizi ya farasi zikipasuka shingo zenyewe msimu wa mvua. Mwaka 1921 watafiti walieleza kisa: amonia ya mkojo wa farasi, ikikutana na unyevu na shaba ambayo bado ina mkazo wa kuvutwa kiwandani, huifungua shaba taratibu. Pwani yetu unyevu hauna haja ya kuagizwa. Farasi hatuna, ila dari yenye popo na banda la kuku hutoa amonia ya kutosha, kwa hiyo ganda lisiwekwe huko. Dawa nyingi za kung'arishia shaba nazo zina amonia. Ndimu na chumvi hung'arisha pia, mradi lisuuzwe vizuri na likaushwe, ingawa watunzaji wa makumbusho hawaifurahii hata ndimu: kila king'arisho hula shaba kidogo, na kinachotangulia kufutika ni zile alama za kitakoni.