Je, wajua kwa nini nasaba za Waskoti wa Ulster, walowezi wa kaskazini mwa Ayalandi waliohamia Marekani, hukatikia baharini?

Kuanzia mwaka 1727, mwanamume Mjerumani aliyeshuka melini katika bandari ya Philadelphia, Pennsylvania, alitakiwa kula kiapo cha utii kwa mfalme wa Uingereza, na jina lake likaandikwa. Orodha hizo zipo hadi leo. Msafiri aliyetoka Belfast au Derry, bandari za Ulster, akashukia gati hiyohiyo wiki hiyohiyo, alipita bila kuulizwa. Hakuwa mgeni. Alikuwa raia wa mfalme huyohuyo, amehama tu kutoka pembe moja ya himaya kwenda nyingine, na serikali haikuona sababu ya kumwandika. Orodha za abiria zilianza kukusanywa kwa utaratibu nchini Marekani mwaka 1820, wakati wengi wao walikuwa wameshafika, wamezaa na wamezikwa.

Watu hao walitoka wapi? Mwanzoni mwa karne ya 17, Mfalme James wa Kwanza alitwaa ardhi ya machifu wa Kiairishi waliokimbia Ulster, kaskazini mwa Ayalandi, akawagawia walowezi kutoka Uingereza na nyanda za chini za Uskoti. Waskoti wengi walikuwa Wapresbiteri. Karne moja baadaye walijikuta wamebanwa: sheria ya mwaka 1704 iliwafungia milango ya vyeo vya umma, walilipa fungu la kumi kwa Kanisa la Kianglikana ambalo si lao, na mikataba ya mashamba ilipoisha, kodi zilipandishwa. Mwaka 1718 makundi ya kwanza makubwa kutoka bonde la mto Bann yalikwenda Boston, mengine yakiongozwa na wachungaji wao. James McGregor wa Aghadowey na waumini wake wakaanzisha mji wa Londonderry huko New Hampshire. Kufikia mwaka 1775, waliohama kutoka Ulster walikuwa kati ya 100,000 na 250,000, kutegemea mwanahistoria unayemsoma.

Lakini kwa nini wengi waliishia Pennsylvania na si Boston? Jibu, kwa sehemu kubwa, ni kitani. Wakulima wa Ulster waling'oa mimea ya kitani kabla mbegu hazijakomaa, maana ndivyo nyuzi laini hupatikana. Kwa hiyo kila mwaka walihitaji mbegu mpya, na nyingi zilitoka Marekani kwa mapipa, hasa kupitia bandari ya Philadelphia. Meli iliyopakua mbegu Derry, Newry au Belfast isingependa kurudi tupu. Ikapakia watu. Asiye na nauli alijifunga kwa mkataba wa kutumika miaka kadhaa ng'ambo. Biashara hii ina faida kwa mtafiti wa leo: manahodha walitangaza safari zao katika gazeti la Belfast News-Letter, lililoanzishwa mwaka 1737, wakitaja jina la meli, bandari na tarehe ya kuondoka. Jina la babu hulikuti humo, lakini unapata meli ambayo huenda alipanda.

Upande wa Ayalandi, lawama zote hutupiwa moto. Ni kweli kwamba tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, Ofisi ya Kumbukumbu za Umma jijini Dublin ililipuka na kuteketea, pamoja na sehemu kubwa ya sensa za miaka ya 1821 hadi 1851, maelfu ya wosia na daftari nyingi za parokia za Kianglikana. Mimi naona moto huo unasingiziwa kupita kiasi. Sensa ya mwaka 1821 isingemsaidia mtu ambaye babu yake aliondoka mwaka 1740. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba Wapresbiteri wa wakati huo hawakuwa kanisa la serikali, na daftari zao nyingi za ubatizo zilizosalia huanzia karne ya 19. Watu wengi walioondoka mapema hawakuacha hata mstari mmoja wa ubatizo ambao moto ungeuchoma.

Ndiyo maana watafiti wazoefu huanzia Marekani na kurudi nyuma, hatua kwa hatua. Hata huko kuna mashimo: sensa ya mwaka 1790 ilitaja mkuu wa kaya peke yake, na majina ya watu huru wote wa nyumba hayakuandikwa hadi mwaka 1850. Tena familia hizi hazikutulia. Zilishuka kutoka Pennsylvania kupitia bonde la Shenandoah hadi Carolina. Mwenye kutafuta jina moja hupotea njiani. Anayewafuata majirani hupona, kwa sababu watu hawa walihama kwa makundi ya ukoo na kanisa: shahidi kwenye wosia huko Virginia, mwenye shamba la mpakani na mchungaji aliyefungisha ndoa mara nyingi walitoka sehemu moja ya Ulster.

Anachowinda mtafiti ni jina la kitongoji. Ayalandi ina vitongoji zaidi ya 60,000, na bila jina hilo, "Antrim", jina la kaunti nzima, lililochongwa kaburini halifiki mbali. Akilipata, kuna orodha za kulinganisha: wanamgambo wa mwaka 1630 hivi, kodi ya meko ya miaka ya 1660, na wakulima wa kitani wa mwaka 1796, zaidi ya 50,000, waliozawadiwa magurudumu ya kusokotea. Hiyo ya mwisho humwonyesha ndugu aliyebaki, na ndugu aliyebaki ni ushahidi mzuri kuliko jina la ukoo peke yake. Akina Wilson na Campbell walijaa kila mahali.

Wenye bahati ni wale ambao wazee wao walishukia Charleston. South Carolina ilitaka walowezi Waprotestanti wa kujaza maeneo ya bara, ikawapa ardhi, na mwombaji wa ardhi lazima aandikwe. Mwaka 1772 mchungaji William Martin wa Kellswater, kaunti ya Antrim, alivuka na waumini wake kwa meli tano. Majina yao yamo katika kumbukumbu za Baraza la koloni, pamoja na ekari alizopewa kila mmoja.