Mashindano ya konferensi: tiketi inayotafutwa kwa mtoano

Machi 2024, mjini Washington, timu ya mpira wa kikapu ya chuo kikuu cha North Carolina State ilikuwa nyuma kwa pointi 3 dhidi ya chuo cha Virginia, na sekunde zinayoyoma. Michael O'Connell akaurusha mpira kutoka mbali, ukagonga ubao, ukatumbukia wavuni muda ukiisha. Zikawa sare, wakaenda dakika za nyongeza, wakashinda 73–65. Mtupo ule ungekosa, msimu wao ungeishia pale pale.

Hayo ndiyo mashindano ya konferensi. Konferensi hapa si mkutano. Ni umoja wa vyuo vikuu vya Marekani vinavyocheza ligi vyenyewe kwa vyenyewe, nyumbani na ugenini, hadi mwanzoni mwa Machi. Ligi ikiisha, mara nyingi timu hukusanyika mahali pamoja kucheza mtoano: ukifungwa mara moja, unafungasha virago. Msimamo wa ligi hutumika kupanga nani akutane na nani, na mara nyingi walio juu huruka raundi za mwanzo.

Bingwa wa mtoano huu huingia moja kwa moja kwenye mashindano ya taifa ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu vya Marekani. Mwaka 2024 timu zilikuwa 68: mabingwa 32 wa konferensi, na 36 walioteuliwa na kamati kwa kupima matokeo ya msimu mzima. Chuo kikubwa kikifungwa bado kina matumaini kwa kamati. Chuo kidogo mara nyingi hakina pa kukimbilia. Kinaweza kuongoza ligi miezi miwili, kikateleza jioni moja, na safari ikaisha. Naona ni ukatili kwa vijana wale, lakini ndiyo maana fainali za konferensi ndogo siziachi zinipite.

North Carolina State walikuwa wa 10 katika konferensi yao, ACC, na walikuwa wamefungwa mechi 4 mfululizo kabla ya mtoano. Kamati isingewatazama. Wakacheza siku 5 mfululizo: Louisville, Syracuse, Duke, Virginia, kisha fainali na jirani zao wa North Carolina, 84–76. Bingwa huwekewa ngazi chini ya ringi, kila mchezaji akakata kipande cha wavu kwa mkasi, akaondoka nacho. Vijana hao walifika hadi nusu fainali ya taifa.

Zamani mambo yalikuwa magumu zaidi. Konferensi ilipeleka timu moja tu kwenye NCAA. Katika fainali ya ACC ya 1974, North Carolina State waliwafunga Maryland 103–100 baada ya dakika za nyongeza, wakaenda kutwaa ubingwa wa taifa. Maryland, mojawapo ya timu bora nchini, haikuingia kabisa. Mwaka uliofuata mashindano ya taifa yakapanuliwa hadi timu 32, na konferensi moja ikaruhusiwa kutoa zaidi ya timu moja.