Ghorofa Zinapoingia Mtaani: Haki za Jirani Nakuru na Muda Alio Nao

Tangu Nakuru ipate hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, ikawa ya nne nchini Kenya baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, mitaa yake ya zamani imekuwa ikibadilika haraka kuliko wakazi wanavyoweza kufuatilia. Katika Milimani hasa, nyumba iliyosimama peke yake katikati ya kiwanja cha nusu ekari huuzwa na warithi, ua hung'olewa, mabati huzungushwa, na baada ya muda mfupi tingatinga huanza kuchimba msingi wa jengo la orofa sita au nane. Majirani wengi hutafuta ushauri siku wanaposikia tingatinga likinguruma. Kwa bahati mbaya, kufikia siku hiyo nafasi nyingi ambazo sheria iliwapa za kusikilizwa huwa zimeshapita, na kilichobaki ni njia ndefu zaidi na yenye gharama kubwa.

Nianze na jambo ambalo wenye nyumba katika mitaa hii hawapendi kulisikia: kujenga ghorofa si kosa. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya makao ya kufaa, na sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu watu 2,162,202 katika Kaunti ya Nakuru, ikaiweka nafasi ya tatu nchini baada ya Nairobi na Kiambu. Mtaa ulio karibu na hospitali, shule na soko ukifunga mlango kabisa, wanaotafuta nyumba hawatatoweka. Watasukumwa Kiamunyi na maeneo mengine ya pembezoni, ambako mashamba yanakatwakatwa kuwa ploti za futi 50 kwa 100 kabla bomba la majitaka halijafika, kisha gharama ya kuwafikishia huduma huko inalipwa na kila mlipa kodi. Kinachofaa kuulizwa katika kila mzozo wa aina hii ni nani atakayelipia mabomba, mitaro na barabara zitakazohitajiwa na wakazi wapya, na iwapo vitakuwepo kabla hawajahamia.

Hesabu ndogo inasaidia kuliona hili. Nyumba moja yenye watu sita, kila mmoja akitumia lita 100 za maji kwa siku, hutumia lita 600. Jengo la orofa sita lenye nyumba nne kila orofa lina nyumba 24. Tukikadiria watu watatu katika kila nyumba, hao ni watu 72 na lita 7,200 kila siku. Sehemu kubwa ya maji hayo itatoka ikiwa majitaka. Bomba la mtaa au tangi la chini ya ardhi vilivyowekwa wakati kiwanja kile kilikuwa na familia moja sasa vinatakiwa kubeba mara kumi na mbili ya mzigo wa awali, na vikishindwa, kinachofurika hakipandi mlima kwenda kwa mwenye jengo. Kinateremka.

Mteremko huo ndio unaoifanya Nakuru iwe tofauti na miji mingine. Milimani iko kwenye miteremko ya mlima wa volkano wa Menengai, na chini kabisa liko Ziwa Nakuru, ambalo halina mto unaotoka. Uchafu unaoingia humo hubaki humo, na ziwa hilo, ambalo limo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa tangu 1990, ndilo mwisho wa safari ya maji ya jiji zima. Nusu ekari ni takriban mita 2,000 za mraba. Kiwanja hicho kikifunikwa chote kwa paa na saruji, mvua ya milimita 50 itamwaga kiasi cha lita 100,000 ambazo awali bustani ilizinyonya kwa sehemu kubwa. Majirani wa juu huona ukungu wa vumbi na kelele za ujenzi. Wakazi wa mitaa ya chini, ambao hakuna anayewauliza chochote, ndio wanaoamka na matope mlangoni. Kwa maoni yangu, pingamizi la mtu wa mtaa wa chini lina uzito sawa na la mwenye ukuta unaopakana na ujenzi, na maafisa wa mipango wangefanya vyema kulitafuta hata kabla halijaletwa.

Wastawishaji, yaani wanaojenga majengo haya, wanapoulizwa kuhusu maji, jibu la kawaida ni kwamba watachimba kisima. Hapa Nakuru jibu hilo halitoshi. Maji ya ardhini katika sehemu hii ya Bonde la Ufa yana madini mengi ya floridi, na visima vingi hupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Watoto wanaokunywa maji hayo kwa miaka mingi huota meno yenye madoa ya kahawia yasiyotoka, na kiwango kikizidi sana hata mifupa huathirika. Kwa hiyo mtu anayeahidi kisima anafaa kuulizwa maji yatapimwa wapi, floridi itapunguzwa kwa njia gani, na nani atalipia mtambo huo wapangaji wakishaingia.

Vilevile ardhi yenyewe. Sehemu kadhaa za jiji zimekaa juu ya majivu ya volkano na nyufa za kale ambazo mvua kubwa huzifumbua, na barabara au nyumba ikajikuta ukingoni mwa shimo. Ripoti ya uchunguzi wa udongo, iliyofanywa na mhandisi kwenye kiwanja chenyewe, si makaratasi ya ziada.

Malalamiko ya namna hii, yaani maji, majitaka, mafuriko, udongo, upana wa barabara na mahali pa kuegesha magari, ndiyo yanayosikilizwa kwa sababu yanaweza kupimwa. Yale yanayohusu watu hayana nafasi katika mipango miji, wala hayastahili kuwa nayo. Barua inayosema kwamba ghorofa italeta wapangaji wa tabia fulani, au watu wa kabila fulani, huliharibu hata pingamizi zuri lililoandikwa chini yake. Katika mji ulioshuhudia umwagaji damu wa baada ya uchaguzi, Januari 2008, neno "wageni" likitumiwa kumhusu jirani mtarajiwa si neno dogo, na viongozi wa vyama vya wakazi wana wajibu wa kulizuia lisiingie katika kumbukumbu za mikutano yao.

Hatua ya kwanza kwa mkazi ni kujua kiwanja hicho kinaruhusiwa kutumika kwa nini. Viwanja vingi vya mitaa ya zamani vimekodishwa na serikali kwa miaka 99, na ukisoma masharti maalumu yaliyoambatishwa kwenye hati utakuta mara nyingi yanaruhusu makao ya familia moja tu. Mwenye kiwanja anayetaka kujenga nyumba za kupangisha lazima kwanza aombe kubadilishiwa matumizi, na ombi hilo hutangazwa gazetini na kwa ubao kiwanjani. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inamtaka anayeomba kibali cha ujenzi auarifu umma, na umma upewe nafasi ya kupeleka pingamizi kwa waziri wa kaunti anayehusika. Matangazo haya kwa kawaida hutoa siku 14. Tangazo la maandishi madogo katika gazeti ambalo wengi mtaani hawalinunui ni njia dhaifu ya kumwarifu mtu. Ndiyo maana chama cha wakazi kinafaa kumteua mmoja wao awe akipitia matangazo hayo na kuzunguka mtaani kutazama vibao.

Siku 14 hizo zisiachwe zipite kwa sababu nyingine pia. Sheria hiyohiyo inasema kwamba mwombaji asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, atahesabiwa kuwa amepewa kibali. Kimya cha ofisi, basi, humfaa mwombaji, na jirani aliyenyamaza hana alichoacha kwenye faili.

Njia ya pili ambayo majirani huipoteza bila kujua ni dodoso la mazingira. Kabla ya kupata leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMA, mstawishaji humwajiri mtaalamu ambaye hupita nyumba kwa nyumba akiwa na fomu ya ukurasa mmoja au miwili. Jirani huulizwa kama anaujua mradi, ana maoni gani, kisha anaombwa jina, namba ya simu na sahihi. Wengi huandika kwamba mradi ni mzuri kwa vile utaleta kazi, wakidhani wanamsaidia kijana aliyetumwa. Fomu hiyo huambatishwa kwenye ripoti na kuwa ushahidi kwamba majirani walikubali. Usitie sahihi kabla ya kuonyeshwa idadi ya orofa na nyumba. Uliza majitaka yataelekezwa wapi, uandike jibu ulilopewa kwenye fomu hiyohiyo, kisha uipige picha kabla haijaondoka. Ukiwa huna hakika, una haki ya kuikataa na kupeleka maoni yako moja kwa moja katika ofisi ya NEMA ya kaunti.

Kibali kikitolewa licha ya pingamizi, mlango haujafungwa. Mtu yeyote mwenye maslahi anaweza kukata rufaa ndani ya siku 14 kwa kamati ya kaunti inayosikiliza rufaa za mipango na matumizi ya ardhi, ambayo nayo inatakiwa kuamua ndani ya siku 14, na asiporidhika aende Mahakama ya Ardhi na Mazingira. Leseni ya NEMA hupingwa kwenye Jopo la Kitaifa la Mazingira ndani ya siku 60. Wanaoruka ngazi hizi na kukimbilia mahakamani mara nyingi hurudishwa, wakiwa wameshalipa wakili na ukuta umeshapanda. Kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu kudai haki ya mazingira safi bila kulazimika kuonyesha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara, na hivyo mpangaji ana sauti sawa na mwenye hati.

Wapangaji, hata hivyo, ndio wanaoumia kimyakimya. Nyumba ya zamani inapouzwa, familia zilizopanga vyumba vya uani huambiwa zihame. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba za kuishi inawalinda wanaolipa kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango ambacho leo kinawaacha nje karibu wapangaji wote wa mitaa hii. Anayelipa kila mwezi bila mkataba wa maandishi anastahili angalau notisi ya mwezi mmoja. Aliyepanga duka au hoteli analindwa zaidi: anastahili notisi ya miezi miwili kwa fomu maalumu, na anaweza kuipinga kwenye jopo la kodi za majengo ya biashara. Sheria ya 2,500 ilipaswa kubadilishwa zamani, na kila mwaka inapoachwa hivyo watu wenye kipato kidogo wanasogezwa mbali zaidi na kazi zao.

Jengo likishaanza kupanda, hesabu orofa. Ramani iliyoidhinishwa ikiwa na orofa tano na ya saba inamwagwa zege, kaunti ina mamlaka ya kutoa notisi ya kusimamisha kazi, na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi inaweza kukagua. Ili kujua kilichoidhinishwa, mkazi anaweza kuomba nakala ya kibali kwa mujibu wa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ambayo huipa ofisi siku 21 za kujibu. Kwa kuwa siku hizo ni nyingi kuliko zile 14 za pingamizi, barua ya kuomba nakala na barua ya pingamizi zipelekwe siku moja, na mpelekaji asiondoke kaunta kabla nakala zake hazijagongwa muhuri wenye tarehe ya kupokelewa.