Si kila mstari kwenye bili ya simu ya intaneti ni kodi

Wengi waishio Marekani huamini kwamba kila kiasi kilichoandikwa chini ya bei ya simu ya intaneti (huduma ya simu inayopita kwenye intaneti) ni kodi ya serikali, basi hakuna la kufanya ila kulipa. Imani hii ni ya siku nyingi, na inawagharimu watu.

Kodi ya mauzo ya jimbo ni kodi kweli. Ada ya 911 nayo kwa kawaida huwekwa na jimbo au kaunti, kugharamia vituo vya kupokea simu za dharura.

Mchango wa Mfuko wa Huduma kwa Wote ni tofauti kidogo. Tangu 2006, tume ya mawasiliano, FCC, inazitaka kampuni za simu za intaneti zilizounganishwa na mtandao wa kawaida wa simu zichangie mfuko huo, unaosaidia vijiji, shule, maktaba na wenye kipato kidogo. Anayedaiwa ni kampuni. Inaruhusiwa kumbebesha mteja gharama hiyo, lakini hailazimishwi, na haitakiwi kuzidisha kiwango kilichowekwa.

Kinachoniudhi zaidi ni ile “ada ya kurejesha gharama za udhibiti”. Jina lina sauti ya serikali, ila kiwango hupangwa na kampuni na pesa hubaki kwake. Hiyo ni bei tu. Tuseme huduma imetangazwa kwa dola 20 na ada hiyo ni dola 4: unanunua huduma ya dola 24, kabla ya kodi yoyote. Linganisha kampuni kwa hesabu hiyo.