Robo ya nyama, kikombe cha maharagwe: usichague protini kwa rangi

Malalamiko kuhusu nyama yanayoletwa kwetu maafisa wa afya ya umma hapa Nairobi mara nyingi huanza hivi: "Lakini ilikuwa nyekundu nilipoinunua!" Wekundu si kipimo cha ubora. Tumelisema hili mara nyingi na tutaendelea kulisema.

Nyama ya ng'ombe ikikatwa, ndani huwa na rangi ya zambarau. Ikipigwa na hewa kwa nusu saa hivi hugeuka nyekundu, na ikikaa zaidi huingia ukahawia. Kwa hiyo kipande kinachong'aa vilevile tangu asubuhi hadi jioni ndicho cha kuulizia. Wako wauzaji wanaotia sodiamu metabaisulfaiti, kemikali isiyoruhusiwa kwenye nyama mbichi. Hurudisha wekundu kwenye nyama iliyochakaa, huharibu vitamini B1, na inaweza kumbana kifua mwenye pumu. Wengine hawahitaji kemikali. Wamefunga tu balbu nyekundu juu ya kabati la kioo. Omba nyama itolewe mlangoni uione kwa mwanga wa mchana. Ibonyeze: nzuri hurudi ilivyokuwa, mbovu hubaki na shimo na huteleza vidoleni.

Kabla ya kukatiwa, omba kuona muhuri wa mkaguzi kwenye paja au bega lililoning'inizwa. Muhuri huo, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Nyama, Sura ya 356, maana yake ni kwamba mnyama alikaguliwa akiwa hai na nyama ikakaguliwa tena baada ya kuchinjwa. Wino wake hauna madhara, hakuna haja ya kuukatia mbwa. Muuzaji pia anapaswa kuwa na cheti cha afya, ambacho hupimiwa upya kila baada ya miezi 6. Kukiomba si matusi.

Ukishuku nyama, usiipike kwanza. Iache mbichi kwenye mfuko wake, iweke kwenye baridi, hifadhi risiti au ujumbe wa M-Pesa, kisha uripoti kwa ofisi ya afya ya umma ya kaunti ndogo yako. Nairobi ina kaunti ndogo 17. Uende kwa ile ambamo bucha iko, si unakoishi. Afisa ana mamlaka chini ya Sheria ya Vyakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, kuingia, kuchukua sampuli na kuzuia bidhaa isiuzwe. Sampuli hupimwa maabara, na faini au kifungo huamuliwa na korti. Afisa anayedai faini taslimu pale kwenye kaunta hafanyi kazi yetu, na huyo naye aripotiwe.

Sasa kiasi. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji gramu 50 hivi za protini kwa siku. Robo kilo ya nyama isiyo na mfupa inakaribia kuzimaliza zote, kwa hiyo hakuna sababu ya kukopa ili kupata kilo. Yai lina gramu 6, liwe la kienyeji au la gredi. Kiini cha manjano iliyokolea kinatokana na alichokula kuku. Supu ya mifupa, jinsi inavyosifiwa! Protini yake ni chache na haijakamilika. Smokie, ile soseji ya barabarani, nayo ina chumvi na mafuta mengi, isihesabiwe kama nyama.

Omena (dagaa) iliyokauka ni protini kwa zaidi ya nusu ya uzito wake. Chagua ya rangi ya fedha, inayokatika ukiikunja. Iliyogeuka manjano mafuta yake yamechacha, inayopinda imeshika unyevu, na yenye mchanga ilianikwa chini. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu mara mbili au tatu. Vichwa msivitupe.

Protini hujengwa kwa vipande viitwavyo asidi-amino. Maharagwe yana upungufu wa asidi-amino moja ambayo mahindi yanayo, na mahindi yana upungufu wa nyingine, lisini, ambayo maharagwe yanayo. Ndiyo maana githeri, mahindi na maharagwe yaliyopikwa pamoja, ni mlo kamili kuliko wengi wanavyoudharau. Kikombe cha maharagwe yaliyoiva kina gramu 15 hivi za protini.

Kosa liko jikoni. Maharagwe mabichi, hasa mekundu, yana sumu inayoletea mtu kutapika na kuhara saa chache baada ya kula. Loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, tia mapya, kisha chemsha kwa moto mkali dakika 30 kabla ya kuupunguza. Anayeanza na moto mdogo ili kuokoa gesi, au kuyahamishia mapema kwenye kikapu cha kupikia bila moto, huacha sumu hiyo ndani, na joto lisilofika kuchemka linaweza hata kuiongeza makali. Magadi huyalainisha haraka, ni kweli, ila huua vitamini B1. Ukiloweka vizuri hutayahitaji, isipokuwa maharagwe yawe yamekaa gunia mwaka mzima. Hayo hukawia kuiva hata yakilowekwa.