Kijana Hatibiwi Peke Yake

Wazazi wengi huamini kwamba kijana anayetumia dawa za kulevya akishakabidhiwa kwa wataalamu, kazi yao imekwisha, na kwamba kumtenga na marafiki zake wote ndiyo kinga kamili. Dhana hiyo ni potofu. Miongoni mwa tiba zilizochunguzwa zaidi kwa vijana ni zile zinazoihusisha familia, ambapo mshauri huweza kukutana na kijana peke yake, na wazazi peke yao, kisha wote pamoja, kwa sababu namna wanavyozungumza, wanavyoweka mipaka na wanavyogombana nyumbani hugusa matumizi yenyewe. Mzazi anayefoka kila siku, au anayemfichia mwanawe makosa (na wapo wanaofanya yote mawili), huweza kubomoa bila kukusudia kile kilichojengwa katika ushauri. Kuhusu marafiki, ni kweli kwamba wenzake wanaotumia humvuta arudi. Hata hivyo, upweke nao ni hatari, hivyo tiba makini humsaidia kupata wenzake wasiotumia pamoja na shughuli anazozipenda mwenyewe, si zile alizochaguliwa na wazazi.